Teksi isiyo na dereva ilivyoniaibisha mbele ya zimamoto

Nilikuwa nimeshaandaa sifa, kweli tena. Teksi zisizo na dereva za San Francisco nilizipenda tangu siku ya kwanza: hakuna wa kukuhoji unatoka wapi, na usukani unajizungusha wenyewe taratibu mpaka unazoea na kuanza kusinzia.

Sasa yaliyonikuta majuzi usiku. Tunapanda kilima, mbele moshi, magari ya zimamoto yamejaa njia. Dereva yeyote, hata aliyepata leseni jana, angegeuza. La kwangu likasogea, likasogea tena, likawasha taa za hatari na kusimama tuli kati ya gari la zimamoto na bomba la maji la kando ya barabara. Palepale mpira ulipotakiwa kupita!

Askari wa zimamoto akaja mbio, akagonga kioo kwa ngumi: "Toa gari!" Nikamwonyesha kiti cha dereva, kitupu. Alivyonitazama, utadhani mimi ndiye niliyeliunda.

Nikabonyeza kitufe cha msaada. Ikaja sauti laini, haina haraka: "Tafadhali endelea kufunga mkanda." Nikamwambia dada, hapa kuna nyumba inaungua! Akaomba kwanza nimthibitishie jina langu. Jina!

Nikashuka. Askari akabaki anagombana na spika, wenzake wakiuzungusha mpira mbele ya boneti, hadi gari likarudi nyuma lenyewe kama vile halihusiki. Labda zilikuwa dakika tatu. Mimi niliziona saa nzima.

Na wasiseme hawakuonywa. Mwaka 2023 mkuu wa zimamoto wa jiji hilo, Jeanine Nicholson, alilalamika hadharani kwamba magari haya yanawazibia njia. Agosti mwaka huohuo wakubwa wa California wakaziruhusu kampuni mbili za teksi hizi zitoze nauli saa 24, mchana na usiku. Ilipita wiki moja tu, teksi ya aina hii ikagongana na gari la zimamoto lililokuwa likiwahi dharura.

Nyota moja. Basi mbili, maana halikumgusa mtu, na nauli walirudisha kabla sijafungua mdomo. Lakini yule dada wa "thibitisha jina"... hapana, irudi moja.

Jana mvua ilinyesha nikaliita tena. Likaja safi, kwa wakati. Nikakaa ubavuni mwa mlango, mkono kwenye kitasa, masikio yote nje nikisikilizia king'ora.