Vijana wa kamera wa Kisauni: kushuti nawapa maua yao, kuediti kaa nao ubavuni

Nimeulizwa sana ile video ya wimbo wa mdogo wangu tulishutiwa na nani, na mbona wengine waliona toleo moja na wengine jengine, kwa hivyo naandika hapa mara moja nisirudierudie. Jina lao sitalitaja, yale ya kuzozana tuliyamaliza wenyewe, lakini kazi yao nitaisema yote manake pesa imetoka mfukoni mwetu, na mwengine akitafuta watu wa video hapa Mombasa angalau ajue aangalie nini.

Wimbo una mdundo wa chakacha lakini umepozwa. Ni dada wawili, mmoja kaenda Saudia kazi za nyumbani, mwengine kabaki na mama na watoto, na anayeimba ni huyo aliyebaki. Sasa hapa pwani ni mtaa gani hauna mtu Saudia au Qatar, kwa hivyo tulichohofia ni kuletewa zile picha za kila siku, begi la magurudumu, airport, mtu analia, kwisha. Wengine wawili tuliowauliza bei swali lao la kwanza lilikuwa tuna gari gani la kushutia. Gari! Kwenye wimbo wa mtu kwenda kupiga deki nyumba ya watu.

Direkta wa hawa vijana alitaka mashairi kwenye karatasi, akaenda nayo, akarudi na swali moja tu: kamera hapa ni jicho la nani? Tukaangaliana. Tukakubaliana ni jicho la waliobaki nyumbani, na hapo ndipo video nzima ilipojipanga yenyewe, kwa sababu kama ni jicho la waliobaki basi kule Saudia hatuwezi kuingia, tutamuona dada vile familia inavyomuona, kwenye simu. Zile sehemu zake zote zikashutiwa kwa simu imesimama wima, jikoni kwa fleti moja huko Nyali, na kwa editi zikaachwa hivyohivyo na weusi pande mbili. Ukitazama kwa tivii nyumbani kwa mama kumejaa skrini nzima, halafu dada akitokea ni kaukanda kembamba katikati. Hakuna mahali tumeandika maneno "yuko mbali". Na kuna pale simu imewekwa juu ya kabati yamwangalia kutoka juu akipiga deki, unajua mtu akipigwa kutoka juu hupungua, kichwa kikubwa miguu mifupi, kama amekandamizwa na dari. Kutoka chini inakuwa kinyume, mtu hupanda. Hiyo ya chini waliiweka akiba mpaka kiitikio cha mwisho, kamera karibu na sakafu ya baraza na dada wa nyumbani amesimama mlangoni kaujaza mlango wote. Ni mbinu ya zamani na kila mtu anaijua, tofauti ni kwamba wao waliitumia mara moja. Video nyingi za huku msanii hupigwa kutoka chini kuanzia sekunde ya kwanza, kila mtu ni jitu, sasa ukimaliza unakuwa umeambiwa nini?

Lakini nikitaka kuwasifu kweli nitawasifu kwa leso.

Leso huuzwa jozi, mbili zimeungana, ukifika nyumbani ndio ukate na kupinda. Video inaanza jozi haijakatwa, mikono ya mama na makasi, chwaaa, moja inaingia kwenye begi na moja inabaki. Kuanzia hapo kila kukitokea leso unajua ni nusu. Ya nyumbani inafuliwa na kuanikwa mpaka inapauka, ya Saudia inaonekana kwenye simu bado inang'aa, na mimi nilichoelewa ni kwamba kule hana hata pa kuivalia, rafiki yangu mmoja akasema la, ni kwamba ameihifadhi kwa mapenzi. Tumebishana na hatujapatana na nadhani ndivyo direkta alivyotaka. Halafu jina la leso. Walichagua "Usisafirie nyota ya mwenzio", tena sisi tulitaka lionekane lote, kubwa, safi, manake tuliitafuta leso hiyo Biashara Street mpaka tukachoka. Direkta akakataa. Akaikunja kwenye kamba, kamera ikasogea taratibu mpaka ukasoma "Usisafirie" na zilizobaki zimemezwa na mkunjo. Mtu wa hapa anamalizia mwenyewe kichwani, na akishamalizia ujumbe unakuwa ni wake. Wa bara huenda asione chochote, aone kitambaa tu, na haina neno, rangi zenyewe ni nzuri.

Pale ufukweni Mama Ngina nako walinifurahisha. Meli zinazoingia bandari ya Kilindini zinapita karibu sana pale, jamaa mmoja alikuwa na programu kwa simu ya kuonyesha meli iko wapi basi tukakaa tukala mihogo ya kukaanga tukingojea. Ilipokaribia wakapeleka kamera mbali kabisa na dada, lenzi ndefu ya milimita 200, wakamvuta. Ukisimama mbali ukavuta hivyo, kilicho nyuma nacho kinasogea, kwa hivyo meli ikageuka ukuta wa chuma nyuma ya kichwa chake, haina mwanzo wala mwisho, inapita tu. Kwa jicho la kawaida meli ilikuwa kule kwenye maji na yeye yuko huku. Ndio, najua, siku hizi mtu anaenda Saudia kwa ndege, na kuna mtu alinichekea hilo. Lakini mji huu umeaga watu baharini tangu enzi za majahazi, ndege ikipita juu ya Mombasa nani huinua kichwa?

Mwangaza nitapita haraka. Jua la huku likishatoka halina subira, kufika saa tatu lishakuwa kali na kuta nyeupe za Mji wa Kale zinalirudisha usoni, ukichanganya na buibui jeusi kamera nyingi hushindwa, ukiokoa ukuta buibui linakuwa doa, ukiokoa buibui ukuta unaungua. Hawa walimtoa juani aliyevaa buibui wakamweka kwenye kichochoro chenye kivuli, kijana mmoja kashika shuka jeupe limrudishie mwanga kwa ubavu, na mikunjo ya buibui yote ikaonekana. Shuka la kitanda, bana, wala si kifaa cha maelfu.

Slomosheni pia waliifanya kwa akili. Walishuti fremu 50 kwa sekunde ili ichezwe 25, na wimbo ukapigwa kwa spika mara mbili ya mwendo wake, mdogo wangu akaimba mbiombio pale uani watoto wakimcheka. Ikirudishwa mwendo wa kawaida midomo yake inafuatana na wimbo sawasawa lakini nywele, leso na moshi wa udi vyote vinakwenda kama viko ndani ya maji. Yeye yuko nasi, dunia inayomzunguka imechelewa. Ukikosa mtu wa kukuelezea unaona tu kuna kitu hakiko sawa na unashindwa kukitaja.

Sasa tuje kwa editi. Hapa roho yangu ilipanda.

Kwenye ubeti wa pili mama anasikiliza voisinoti ya mwanawe. Siku ya kushuti direkta alituonyesha ile video ya Sinéad O'Connor ya 1990, Nothing Compares 2 U, iliyoongozwa na John Maybury, ambayo sehemu kubwa ni uso wake tu unakuangalia na machozi yanashuka, akasema nataka hivi, kamera isitikisike, tusikate. Mama mmoja jirani yetu ndiye aliyekaa pale, hajawahi kuigiza maishani, na alikaa ubeti mzima uso wake ukibadilika polepole. Nyuma yake watoto wanacheza ule mchezo wa kati, na hiyo nayo imefikiriwa, ile hesabu ya direkta Hiro Murai kwa video ya Childish Gambino ya 2018, This Is America, mbele msanii anacheza na nyuma kunawaka, ila wao waliigeuza, zito liko mbele na wepesi uko nyuma. Pale uani watu wote walinyamaza.

Wakampa kijana mwengine aediti, hakuwepo siku ile ya kushuti, na alichotuletea ni ule uso umekatwakatwa vipande vya sekunde mojamoja, katikati kabandika droni. Droni ya daraja la Nyali, droni ya Pembe za Ndovu, droni ya Fort Jesus, yaani tangazo la utalii. Kazi nzuri zote tatu, zimetulia, rangi safi. Lakini lile swali lilikwenda wapi? Droni ni jicho la nani? Hakuna mtu kwenye wimbo huu aliye angani. Muda wote umemfunga mtazamaji ndani ya nyumba na mama, halafu ghafla unampandisha juu, anapumua, na ule uzito ushamwagika. Kisha akaipiga video yote rangi ya machungwa na samawati, kuta za chokaa zikawa kama hoteli, na leso iliyopauka ikarudi mpya! Nusu ya hadithi ilikuwa kwenye kupauka kwake.

Tulibishana. Jibu lao lilikuwa watu mtandaoni hawatazami picha moja muda mrefu, watapita. Labda, na kwa wimbo wa kucheza ningewakubalia. Hapa la. Baya zaidi hilo toleo lilishapandishwa kabla hatujaidhinisha, ndio maana wengine wenu mkaliona. Direkta mwenyewe ndiye aliyekuja kuketi na kuediti upya, uso wa mama ukarudi wote, droni zote zikatoka, na toleo hilo ndilo liko sai.

Bei ilikuwa elfu hamsini na tano, nusu mbele, usafiri na chakula juu yetu. Ukitaka Fort Jesus kibali ni juu yako na ukitaka droni waulize mapema, hiyo inataka ruhusa ya KCAA, wale wa mamlaka ya usafiri wa anga. Wanafika kwa wakati, adabu wanayo, kwa nyumba ya watu walivua viatu bila kuambiwa na mama alipokataa kupigwa jikoni hawakusukumana naye. Kuchelewesha wanachelewesha, kazi ilikuja baada ya tarehe waliyosema na simu hawashiki.

Mimi nitawarudia, tuna wimbo mwengine, ila kwenye makubaliano nishaandika mawili: anayeshuti ndiye anayeediti, na haipandishwi popote mpaka sisi tuitazame kwanza kwenye tivii, si kwenye simu. Walisoma wakacheka, wakatia sahihi.