Ushauri nasaha kwa vijana, Mtwara mjini: maoni ya mzazi baada ya vikao vinne

Nilimpeleka mwanangu wa kidato cha pili katika kituo kimoja cha ushauri nasaha hapa Mtwara mjini miezi mitano baada ya mimi na baba yake kuachana, si kwa sababu alikuwa akilia, bali kwa sababu alikuwa amenyamaza. Alikuwa akipitiliza chumbani, akikesha na simu na kulalamikia kichwa ambacho daktari hakukiona na ugonjwa, na shuleni nilikuwa nimekwisha kuitwa mara mbili kwa utoro na kupigana. Bibi yake alisema ni balehe tu.

Katika kikao cha kwanza mshauri alinitoa nje, jambo lililoniudhi, kwa kuwa nilikuwa nimelipa shilingi 15,000 na nilitaka kusikia. Aliponiita hakunieleza aliyoyasema mtoto. Aliniuliza tu ada ya shule hunifikiaje. Nilijibu kwamba baba yake humpa mtoto bahasha anapokwenda kwake Mikindani kila Jumamosi. “Na wewe humtuma akaseme nini?” Nilishindwa kumjibu, maana maneno yenyewe hayakuwa ya kurudiwa mbele ya mgeni. Alinifafanulia kwamba kijana anayesikia wazazi wakigombania ada na viatu vyake huona kuwa yeye ndiye chanzo cha ugomvi, na kwamba mara nyingi kinachomwumiza zaidi si talaka yenyewe, bali vita visivyokwisha baada ya talaka. Tangu siku hiyo fedha hutumwa kwa simu.

Baba yake alipotishia kumchukua, mshauri alituelekeza kwa afisa ustawi wa jamii, akaongeza kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitaka mahakama izingatie matakwa ya mtoto aliyefikia umri wa kujieleza, ila akatukataza kabisa kumwuliza mtoto nyumbani anamchagua nani. Katika kikao cha tatu alitaka kumwona mjomba. Hapo nilimheshimu, kwani mtu asiyeijua Mtwara angeita baba na mama tu, akamsahau mtu ambaye kwetu Wamakonde ana neno juu ya mtoto wa dada yake.

Kasoro zipo, na si ndogo. Chumba cha maongezi kimetenganishwa kwa plaiwudi, nami nikiwa nje nilisikia hata kikohozi cha mteja aliyekuwa ndani. Kwa huduma ya siri, hilo halivumiliki. Benchi la kusubiria liko barazani, mkabala na kijiwe cha bodaboda, na mwanangu alikaa ameinamisha kofia hadi puani asitambuliwe na wenzake. Kikao kimoja kiliahirishwa bila taarifa, tukagundua mlangoni.

Simu bado anakesha nayo, ingawa muhula huu sijaitwa shuleni. Anayetaka kwenda aombe saa nane mchana, wakati kijiwe kinapokuwa na watu wachache, na apige simu asubuhi kuhakikisha mshauri yupo.