TAHADHARI: Anakuuzia "Khaki Campbell", anakuletea bata wa kienyeji

Ndugu wafugaji, hasa mnaoanza mradi wa mayai ya bata, nimepigwa na sitaki mwingine apigwe.

Niliona tangazo la vifaranga wa Khaki Campbell, "mayai 300 kwa mwaka". Kwa mbegu halisi hilo si uongo. Bata hao walianzia Uingereza, wanaanza kutaga wakiwa na miezi mitano hadi sita, na wakilishwa vizuri hufika mayai 250 hadi 300 kwa mwaka. Kuatamia ni nadra sana kwao, na ndiyo maana wanataga mfululizo. Nikatuma hela ya vifaranga 30, shilingi 9,000 kila mmoja, pamoja na ya kutolea. Wakaja kwa basi.

Nilipofungua boksi nikakuta vifaranga wa njano wenye mkia wa kahawia. Nikampigia, akasema wakikua watabadilika. Hapo ndipo nilipokosea kumwamini. Kifaranga wa Khaki Campbell anatoka kwenye yai akiwa kahawia iliyokolea mwili mzima. Hawa wangu walikuwa hata na kucha kali, wanapanda ukuta wa boksi.

Kufikia mwezi wa nne vinyama vyekundu vikaanza kuota kando ya macho. Majike hawapigi kelele za kwa-kwa, wanatoa pumzi tu kama tairi linaloishiwa upepo. Ni Muscovy, bata wetu wa siku zote. Simchukii bata huyu. Nyama yake ni nzuri na ni mama hodari. Lakini si wa biashara ya mayai. Jike wangu wa kwanza alianza kutaga mwezi wa saba, akatoa mayai 14, akanyonyoa manyoya ya kifuani akatandika kiota, akalala. Ukimsogelea anatutumua mkia na kudonoa mkono. Mpaka atotoe, alee, ndipo arudi kutaga. Kwa mwaka mzima utapata mayai 60, au 100 na kidogo ukimnyang'anya kila siku. Miezi saba ya pumba na dagaa imekwenda hivyo.

Muuzaji nilipomtumia picha akasema ni hali ya hewa. Nilipodai hela yangu, akanibloku.

Kama unanunua, nenda mwenyewe ukaone bata wazazi, na uende asubuhi na mapema, maana bata wengi hutaga kabla ya saa tatu. Akikupa sababu za kukuzuia usifike bandani, acha hela yako mfukoni.

Juzi nimeona picha zilezile kwa jina jingine na namba nyingine. Sasa anauza mayai ya kutotolesha. Mliokwisha nunua, tafadhali msiyatupe siku ya 30 mkidhani yameharibika. Yai la Khaki Campbell huanguliwa siku ya 28, la Muscovy huchukua siku 35. Yapimeni kwa tochi kwanza. Huenda kifaranga bado yumo, anapumua.