Ukurasa wa kuingilia Wi-Fi: NetworkManager au Firefox?

Nyumba ya wageni ninayofikia Mwanjelwa, Mbeya, Wi-Fi inashika vizuri, ila hakuna kinachofunguka mpaka uandike namba ya vocha uliyopewa mapokezi. Kwenye Linux, nani akuletee huo ukurasa?

NetworkManager, programu inayosimamia mitandao kwenye Linux, huomba ukurasa mdogo wa http na kutarajia jibu moja tu: "NetworkManager is online". Ikielekezwa kwingine, inajua kuna lango njiani, yaani ukurasa wa kuingilia unaozuia intaneti. Ukiwa kwenye GNOME, mojawapo ya mazingira ya madirisha na menyu ya Linux, mfumo wenyewe hukuletea arifa, na ukiibofya dirisha la kuingilia linafunguka, hata kama kivinjari hujakigusa. Ukitaka kuhakikisha, andika kwenye terminali nmcli networking connectivity check. Likitoka neno portal, bado hujaingia. Kinachoniudhi ni kwamba dirisha hilo hujifunga mara tu intaneti inapokubali, na ukurasa ulioonyesha muda wa vocha uliobaki unaondoka nalo. Tena kwenye Debian, aina mojawapo ya Linux, ukaguzi huu ni kifurushi cha kusakinisha mwenyewe, kwa hiyo wengi hawaoni chochote na wanadhani mtandao umekufa.

Kivinjari cha Firefox kina ukaguzi wake, kupitia detectportal.firefox.com. Kinakuwekea utepe wenye kitufe, ukurasa unafunguka kwenye kichupo cha kawaida na unabaki hapo. Lakini sharti kiwe kimefunguliwa.

Kompyuta ya mama yangu Iringa nimeiachia NetworkManager, maana hana haja ya kujua lango ni nini. Mimi wa vocha za saa moja moja, natumia Firefox.