Mti wa Mpira Sebuleni: Mmea Safi, Chungu Hapana

Hamjambo wapenzi watazamaji, karibuni tena sebuleni kwangu, Kampala. Leo nina mpira. Mliokuja kutafuta matokeo ya mechi za uwanja wa Namboole, poleni. Ni mti wa mpira, huu hapa, nimeishi nao mwaka na miezi miwili, na niliahidi kuwaambia kama unafaa kununuliwa.

Nilitoa shilingi elfu 45 kwenye kitalu kimoja cha kando ya barabara, pamoja na hiki chungu cheupe cha kauri. Nikaubeba kwa boda. Upepo ukachana majani mawili kabla hatujafika nyumbani, kwa hiyo nyinyi tafuteni gari.

Nianze na chungu, maana ndipo ugomvi ulipo. Nakigeuza, tazameni chini. Mnaona tundu? Hata mimi silioni. Maji yanatuama humo, mizizi inakosa hewa, inaoza. Nami nilikuwa namwagilia kila asubuhi kama mtu anayenywesha ng'ombe! Wiki ya tano majani ya chini yakawa njano, yakaanza kudondoka. Nikadhani una kiu, nikaongeza maji. Nilipoung'oa, udongo ulinuka kama kinamasi, na mizizi mingine ilikuwa myeusi, ukiigusa inakatika.

Nikakata yote iliyooza, nikauhamishia kwenye hiki kindoo cha plastiki nilichokitoboa kwa msumari wa moto. Udongo mweusi sehemu mbili, mchanga wa ziwa sehemu moja, na konzi ya maganda ya kahawa yaliyokwisha kuoza. Kindoo kinaingia ndani ya chungu cheupe, uzuri haukupotea. Siku ya kumwagilia nakitoa, maji yanachuruzika yote, ndipo nakirudisha.

Siku ya kumwagilia ni lini? Muulize kidole. Kizamishe mpaka kifundo cha pili. Ukikuta unyevunyevu, weka jerikeni chini uende zako. Kwangu wakati wa kiangazi ni kila siku 7 hadi 10, mvua za Aprili zikija napitisha hata wiki mbili.

Mwanga nao. Video za Ulaya zitakwambia dirisha la kusini, na upunguze maji majira ya baridi. Baridi ipi, jamani? Sisi tuko karibu kabisa na ikweta: Juni jua liko upande wa kaskazini, Desemba limehamia kusini. Mimi nimeuweka kwenye dirisha la mashariki, nyuma ya pazia jepesi. Awali ulikuwa koridoni gizani, ukarefuka tu, umeinama kama anayechungulia. Sasa angalieni hapa juu, hiki kifuniko chekundu kilichochongoka: ndani kuna jani jipya, likifunguka hiki kinaanguka. Nikikiona hivi nafurahi kupita kiasi, mke wangu ananicheka.

Vumbi letu mnalijua. Futeni majani kwa kitambaa chenye maji, mafuta ya kupikia acheni jikoni, yanaziba vitundu vya jani.

Wenye watoto au paka, angalizo: ukivunja jani unatoka utomvu mweupe unaowasha ngozi na kusumbua tumbo. Ni jamaa ya mutuba, ule unaochunwa gome la kutengenezea olubugo, kitambaa cha asili cha kule Buganda, na wote wawili wana utomvu huo. Mpira wa matairi siku hizi hutoka kwenye mti mwingine kabisa, wenye asili ya Amazon. Huu wetu ni wa Asia.

Alama zangu: mmea 8 kati ya 10. Chungu 2, na hizo mbili ni za rangi.

Jumamosi nilirudi kwa yule mzee wa kitalu kuchukua mti wa pili na chungu chake. Nikamwambia, "Mzee wangu, nitobolee kwanza ndipo nikulipe." Akainama, akatoa drili chini ya meza. Kumbe anayo siku zote!