Umechoka kuharibiwa simu na apdeti? Hizi ndizo za kununua Arusha na Moshi

Kila ikitoka apdeti kubwa, inboksi yangu inajaa vilio. Dada wa Njiro simu yake ilikuwa inamaliza siku nzima na chaji, sasa saa nane mchana inadai chaja. Kijana wa Kwa Mrombo kaamka asubuhi kakuta kioo kimechorwa mstari wa kijani toka juu hadi chini, na jana yake usiku ndiyo alibonyeza "sakinisha". Mama mmoja wa Moshi simu imeganda kwenye nembo, haiendi mbele wala hairudi nyuma, na fundi wa karibu na stendi anataka hela ya kuiflashi, yaani kuiwekea programu upya, bila kumhakikishia kama picha za mjukuu zitapona. Wote wanamalizia na swali lilelile: sasa ninunue ipi?

Mambo ya kamera siyagusi. Kamera muuzaji atakuimbia mwenyewe hata hujamsalimia. Mimi nataka tuongelee kitu ambacho pale Sokoine Road hukisikii mpaka ukiulizie: hiyo simu imebakiza miaka mingapi ya apdeti, na ina RAM, yaani ile memori ya kuendeshea kazi, ya kuzibeba?

Tuanze na miaka. Kampuni inahesabu kuanzia modeli ilipoingia sokoni, siyo siku uliyotoa hela yako wewe. Galaxy A15 ya Samsung ilitoka Desemba 2023 na ahadi ya miaka mitano ya apdeti za usalama. Ukiikuta leo dukani, boksi limefungwa, nailoni haijachanwa, bado saa yake ilianza kuhesabu mwaka 2023. Mikoani ndiyo tunaumia zaidi, maana mzigo uliokaa sana Kariakoo hauishii huko, unapandishwa basi unaletewa sisi kama mzigo mpya.

Halafu RAM. Hapa ndipo watu wengi wanapigwa na hata hawajui wamepigwa. Ahadi ya apdeti za miaka sita kwenye simu ya RAM ya GB 4 inasikika tamu. Toleo jipya la kwanza la mfumo simu inakimbia. La pili inaanza kuhema. Likija la tatu, unafungua WhatsApp kumjibu mtu, kibodi inakuja baada ya wewe kusahau ulichotaka kuandika. Memori ya kuhifadhia vitu nayo inaliwa: mfumo wenyewe unachukua gigabaiti kibao ambazo huwezi kuzifuta, kwa hiyo simu ya GB 64 haikupi 64, na kila toleo linataka nafasi zaidi.

Na ukishapanda, kushuka ni shida. Samsung wana kinga ndani ya simu ambayo ikishapandishwa na apdeti haikubali tena programu ya zamani. Apple wao muda mfupi baada ya toleo jipya kutoka wanaacha kuidhinisha lile la nyuma, na bila idhini yao simu haiingizi kitu. Fundi akikuambia "nitakurudishia ile ya mwanzo dada, niachie tu hadi jioni", mwambie akuelezee kwanza atapitia wapi.

Kuna wanaoniambia haya ni maneno ya mtandaoni. Desemba 2017 Apple wenyewe walikiri kwamba apdeti zao zilikuwa zinapunguza kasi ya iPhone zenye betri iliyochoka, wakasema ni ili zisizime ghafla. Mwaka 2020 Ufaransa ikawapiga faini ya yuro milioni 25 kwa kutowaambia wateja. Italia ilishatangulia mwaka 2018: Apple yuro milioni 10, na Samsung yuro milioni 5 kwa kuwasukumia wenye Note 4 apdeti ambayo simu ile haikuiweza. Ndiyo, Samsung hiihii ninayokwenda kuiweka namba moja. Naipenda lakini sijafunga macho.

Haya, orodha.

Namba moja ni Samsung A za kati, na sitaki ubishi. A26, A36 na A56 zilitoka 2025 na ahadi ya matoleo sita ya Android na miaka sita ya usalama. A16 ya 2024 na A17 iliyoifuata nazo zina sita, na bei zake mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kujinyima akazifikia. Ila sikiliza vizuri: A16 ya RAM 4 iache hapohapo kwenye kioo cha duka. Tafuta ya 6, ikibidi subiri mwezi mmoja uongeze hela uchukue ya 8. Ile tofauti ya bei unayoiona kubwa leo ndiyo itaamua kama mwaka wa tatu utakuwa na simu au utakuwa na kioo cha kujitazamia. Ukiwa na uwezo, A26 ya RAM 8, ondoka dukani, usigeuke nyuma.

Namba mbili, iPhone ya mtumba, lakini kuanzia 12 kwenda juu. Toleo la Septemba 2025 la mfumo wa iPhone, iOS 26, liliziacha XR na XS. iPhone 11 ilipenya, ila ni simu ya 2019, kwa hiyo usiinunue kwa bei ya mtu mwenye haraka. X ndiyo usiseme, ilishaachwa tangu iOS 17, na bado kuna watu wanaipanga mbele kabisa pale dukani na kava la kung'aa. Kabla hujalipa ingia kwenye mipangilio, sehemu ya betri, soma afya yake. Chini ya asilimia 80, punguza bei au ondoka.

Namba tatu, Pixel, simu za Google. Nazipenda kwa apdeti: Pixel 8 ya Oktoba 2023 ina miaka saba. Ila hizi zinazozagaa mjini ni za mtumba kutoka nje, na mwenye Pixel hapa kwetu hana pa kwenda kulalamika. Januari 2025 Google walisukuma apdeti kwenye Pixel 4a iliyopunguza uwezo wa betri, na Julai mwaka huohuo wakafanya hivyo kwa baadhi ya Pixel 6a kwa sababu betri zilikuwa na hatari ya kupata joto kupita kiasi. Walitoa kubadilishiwa betri bure kwa nchi chache. Tanzania haikuwamo. Kwa hiyo 6a hata ukipewa kwa bei ya kutupa, pita.

Namba nne, Infinix Note na Redmi Note. Simu nzuri kwa macho, chaji inaingia haraka. Infinix Note 40 waliahidi matoleo mawili na miaka mitatu ya usalama, hesabu mwenyewe tangu 2024.

Za chini ya laki mbili na nusu: zinapiga, zinapokea, M-Pesa inafanya kazi. Toleo jipya usilingoje.

Sasa kipimo changu cha dukani. Omba simu iwashwe, iunganishe na hotspoti yako, nenda mipangilio, kuhusu simu, utafute tarehe ya sasisho la usalama. Kisha bonyeza utafute apdeti. Ukikuta tarehe ni ya mwaka na zaidi uliopita na simu inakujibu "umesasisha", maana yake kampuni imeshaisahau. Dakika tano tu, na bando lako mwenyewe.

Lakini nani atakuruhusu! "Dada ukifungua boksi umenunua." Kwenye duka moja la katikati ya mji nimeambiwa hivyo na kijana ambaye dakika mbili kabla alikuwa ananiita mrembo. Nikamuuliza RAM ngapi, akanijibu kwa kujiamini, "16 hiyo, inapaa." Nikageuza boksi. Maandishi makubwa: 16GB. Chini yake, maandishi ya kusomwa na sisimizi: 8+8. Ile nane ya pili ni kipande cha memori kinachoazimwa kuigiza RAM, na memori ya kawaida haina kasi ya RAM hata kidogo. Nilipomwonyesha akacheka, akasema wateja wote wanajua. Wateja gani? Yule mama wa Moshi anajua?

Na waranti ndiyo kichekesho. Unapewa karatasi ya miezi kumi na miwili, simu ikifa baada ya apdeti unaambiwa "hiyo ni softiwea mama, waranti ni ya hadiwea", yaani tatizo ni la programu, siyo la kifaa chenyewe. Ukienda kwa fundi naye anakuambia hadiwea imekufa. Kuhusu mstari wa kijani ndiyo kabisa: kioo cha AMOLED cha orijino ni pesa ndefu, na dukani wanakukazia macho kama vile umekikanyaga. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mlazimishe muuzaji aandike kwenye risiti, kwa mkono wake, IMEI ya simu (namba yake ya utambulisho) na maneno "waranti inahusu kioo na programu". Akigoma, umeshapata jibu lako mapema. IMEI yenyewe ipate kwa *#06#, itume kwenda 15090, namba ya TCRA ya kuhakiki simu, uone kama jina la modeli linalorudi ndilo lililoandikwa kwenye boksi.

Bei nazo. Simu ileile, RAM ileile, duka la kwanza karibu na Mnara wa Saa na duka la tatu kutoka hapo zinatofautiana kiasi cha kukutoa Arusha hadi Dar na kurudi. Ukiuliza, unaambiwa "nauli ya mzigo kutoka Kariakoo". Boksi la simu linaingia kwenye mfuko wa koti, kaka yangu. Lilipanda basi au lilikodi ndege?