Kufunga mdomo kwa sheria au kuacha watu waropoke? Kenya na Marekani

Kenya tuna sheria ya 2008, ilitoka baada ya ile vurugu ya uchaguzi, ukichochea chuki ya kabila unaweza pigwa faini hadi milioni moja au miaka mitatu ndani, ama vyote. Huko Marekani nako mwaka 1969 Mahakama ya Juu ilimwachilia kiongozi wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, aliyehutubia kwa matusi ya ubaguzi, wakasema hotuba haifungwi mpaka iwe inachochea fujo hapo hapo na fujo yenyewe iwe karibu kutokea.

Sasa mimi neno "madoadoa" nalielewa vizuri sana. Kwa nguo ni madoa tu, ila Bonde la Ufa ukisikia mwanasiasa anasema toeni madoadoa, jirani yako wa kabila lingine anaanza kufunga mizigo, kwa hiyo hapo ya Kenya naona inaingia akilini.

Shida ni 2022 tume ya NCIC, ile ya utangamano wa kitaifa, ilipotoa orodha ya maneno mabaya ikatia hadi "hatupangwingwi", yaani hatupangiwi na mtu, slogani ya kampeni jamani! Ya Marekani angalau haina hizo vichekesho, lakini matusi utameza.